Wanawake wa Nyimboni: Nani Anashikilia Rekodi Gani?

Sheria za shindano hili ni mbili tu. Jina la mwanamke liwe kwenye kichwa cha wimbo, na wimbo wenyewe uwe umewahi kuimbwa na watu wasiolipwa kuuimba: abiria wa daladala, wapishi wa shughuli, mashabiki uwanjani. Baada ya hapo kila mtu na alete wake.

Walioletwa ni wengi mno. Ukiwapanga, unapata rejista kamili ya shule ya wasichana, kuanzia Aïcha hadi Zuena. Wanasifiwa, wanashitakiwa, wanabembelezwa warudi nyumbani, wanakanwa mchana kweupe. Katika kuwapanga kwa rekodi zao nimekuwa na jicho kwenye jambo moja ambalo redio haiulizi: huyu anayeitwa kwa sauti kubwa namna hii, je, ameitika?

Tarehe inayokumbukwa kuliko zote: Stella

Hapa hakuna mshindani. Mkenya yeyote aliyekuwa karibu na redio miaka ya tisini anajua kilichotokea tarehe 17 Mei 1992. Freshley Mwamburi, mwana wa Taita, anasimulia katika "Stella Wangu" jinsi alivyouza mali yake ili mchumba wake akasomee udaktari Japani. Siku ya kurudi ikafika, naye akaenda uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kumlaki. Stella akashuka na mtoto mkononi na mume wa Kijapani.

Mtunzi wa kawaida wa nyimbo za mapenzi angesema "siku ile" akaendelea kulia. Mwamburi anatoa maelezo kama mtu aliyekwenda kuandikisha kesi kituoni: tarehe, mwezi, mwaka, mahali, mali iliyouzwa, hata kimo cha mshitakiwa wa pili. Ndiyo maana wimbo haukuchakaa. Kila ifikapo tarehe 17 Mei, Wakenya hujaa mitandaoni kumpa pole, redio huupiga, na vijana waliozaliwa baada ya mwaka 1992 huomboleza hasara ya mtu wa umri wa baba zao. Kalenda ya mwaka ule inaonyesha tarehe hiyo iliangukia Jumapili. Sijui wimbo mwingine wa Kiswahili uliojipatia sikukuu yake bila serikali kuitangaza.

Mimi humhurumia zaidi yule Mjapani. Hakumkosea mtu, kaoa mtu aliyekubali kuolewa, na kwa miaka zaidi ya thelathini amechekwa kwa ufupi wake katika lugha ambayo pengine haielewi. Naye Stella? Wimbo mzima hasemi kitu. Hatujui aliahidi nini kabla ya kupanda ndege, wala kama aliwahi kuandika barua.

Mwenye orodha ndefu kuliko wote: Marijani Rajab

Kwa upande wa waimbaji, kombe linakwenda Kariakoo. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki na aliyefariki mwaka 1995, aliimba majina ya kike kwa wingi ambao sijaona wa kumfikia. Akiwa na Safari Trippers alitupa "Georgina" na "Rosa Nenda Shule". Akiwa na Dar International zikafuata "Zuena", "Mwanameka" na "Siwema". Na alikuwa na wenzake katika kazi hiyo. Mlimani Park walikuwa na "Neema" na "Celina", Vijana Jazz ya Hemedi Maneti ikawa na "Mary Maria", na kule Nairobi Les Wanyika wakamwimba "Paulina".

Tazama majina hayo yanavyoishia. Georgina, Rosa, Zuena, Siwema, Neema, Celina, Paulina: yote yanakwisha kwa irabu *a*, ile inayomfungua mwimbaji kinywa wazi. Jina la namna hiyo linavutika. Mwimbaji anaweza kulishikilia wakati tarumbeta zinajiandaa, akalirudia mara mbili kabla gitaa la solo halijaingia, na wachezaji ukumbini wakalidaka pamoja naye. Jina linalokomea kwa konsonanti linamfunga mdomo mapema. Ndiyo maana Elizabeth wote wa nchi hii wakiingia kwenye wimbo hutoka wakiwa Eliza.

Hesabu hii ya silabi haiko kwetu tu. Mmarekani Neil Diamond alipotunga "Sweet Caroline" mwaka 1969, kwa maelezo aliyoyatoa miaka mingi baadaye, alikuwa anamwimbia mke wake wa wakati huo, Marsha. Tatizo likawa tuni ilitaka silabi tatu na Marsha ana mbili. Caroline akapata nafasi. Leo mashabiki wa besiboli mjini Boston huuimba katika kila mchezo wa nyumbani, na wa soka Uingereza wameuchukua pia. Mke wa mtunzi amekosa kuimbwa na viwanja vizima kwa upungufu wa silabi moja.

Jambo lingine kuhusu Marijani na kizazi chake: walitaja. Taarabu, iliyokuwa na klabu ya Ikhwani Safaa huko Unguja tangu mwaka 1905, haina desturi hiyo. Huko mpenzi ni ua, ni njiwa, ni tausi, ni "wewe". Nadhani sababu ni mtaa. Mji Mkongwe ukitaja jina, kabla ubeti haujakwisha watu wameshajua nyumba, baba na mjomba. Dar es Salaam ya miaka ya sabini ilikuwa mji wa wageni waliotoka kila mkoa, na Georgina angeweza kuwa yeyote: karani, muuguzi, binti wa jirani aliyehamia juzi. Jina lilipotajwa ukumbini halikumfichua mtu. Lilimkaribisha kila aliyekuwa nalo asimame acheze.

Rekodi ndogo ndani ya rekodi hii ni ya Zuena. Mwaka 2023 Diamond Platnumz alitoa wimbo wake mwenyewe, "Zuwena", miaka kama arobaini baada ya ule wa Marijani. Nyimbo ni mbili tofauti, lakini jina hilo sasa lina wazee na wajukuu wanaolijua kwa tuni mbili.

Mwenye nguvu za ajabu: Marie-Louise

Mwaka 1948, Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, fundi wa meli aliyegeuka mwimbaji, Wendo Kolosoy, alirekodi "Marie-Louise" pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Kampuni ilikuwa Ngoma, ya mfanyabiashara Mgiriki Nico Jeronimidis. Wimbo ukavuka mipaka ya Kongo na kuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za Kiafrika za kisasa kuvuma katika bara kwa santuri.

Kilichoupa rekodi yake si mauzo. Watu walisema ukipigwa usiku wa manane unafufua wafu. Uvumi huo ukawafikia mapadri, nao hawakufurahi. Inasimuliwa kwamba Wendo alipata misukosuko na hata kuwekwa ndani kwa ajili yake. Sijui mwanamke mwingine wa nyimboni aliyewahi kuhesabiwa kuwa tishio kwa Kanisa. Wendo mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2008, akiwa na sifa za baba wa rumba ya Kongo, na Marie-Louise akamfuata hadi mwisho kwa sababu kila jukwaa lilimtaka amwimbe.

Wakongo wanashika pia rekodi ya kukaa juu ya mwanamke mmoja kwa muda mrefu. "Mamou" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1984, Madilu System akiwa mbele, inakwenda zaidi ya dakika kumi, na muda wote huo ni malumbano kuhusu mke ambaye mumewe yuko Ulaya. Kwetu wengi hawakuelewa Kilingala chake, wakacheza tu. Pengine ilikuwa heri kwa amani ya ndoa.

Jina lililoimbwa kuliko yote: Maria

Nisingependa kubishana na mtu hapa. Schubert alitunga "Ave Maria" yake mwaka 1825. Maria yuko katika mchezo wa "West Side Story" wa mwaka 1957, yuko kwa Ricky Martin, yuko kwa Blondie waliomfikisha namba moja Uingereza mwaka 1999, na yuko mara mbili kwa Santana, ambaye "Maria Maria" yake ilikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 10 mwaka 2000. Vijana Jazz nao, kama tulivyoona, walimwita kwa Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja.

Lakini Maria wetu hasa alitoka Kagera. Saida Karoli alikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 na "Maria Salome", wimbo wa Kihaya wenye ngoma za nyumbani kwao, ambao wengi waliujua kwa jina la "Chambua Kama Karanga". Wakati ule vijana wa mjini walikuwa wamezama kwenye bongo fleva ya mwanzo na nywele za kusuka za Kimarekani. Halafu akaja binti aliyeimba lugha ambayo Mmakonde, Mpemba na Mchaga hawakuielewa hata neno, na nchi nzima ikauimba kwa kukisia. Harusi isiyo na Saida haikuwa harusi.

Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakaufanya "Salome". Maria akaachwa njiani, na wimbo wa ngoma ukawa wa klabu. Wapo walionuna. Mimi nilifurahi kwa sababu moja: watoto waliozaliwa baada ya Saida kuvuma walianza kuuliza wimbo wa asili ni wa nani, na mwanamke aliyekuwa amesahauliwa akarudi kwenye mazungumzo. Kabla ya hapo Dully Sykes alikuwa na "Salome" wake, kwa hiyo jina hili nalo lina historia nzuri Dar es Salaam. Msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba katika Injili ya Marko, sura ya 16, Maria na Salome wanatajwa pamoja wakienda kaburini alfajiri. Walishazoeana.

Na tuseme jambo la maana kuhusu Saida: ni mwanamke anayeimba jina la mwanamke. Katika orodha hii wanaume ndio wengi, na wanaume ndio wenye malalamiko.

Waliopita haraka

Bongo fleva ilipokua ilirithi tabia ya dansi bila kujua. Matonya peke yake ana "Vaileti" na "Anita". Katika huo wa pili yumo Lady Jaydee, na hivyo ni moja ya nyimbo chache za kundi hili zenye sauti ya kike ndani yake. Marlaw alimwita "Rita". Dully Sykes, mbali na Salome, alikuwa na "Julieta". Ali Kiba mwaka 2007 alikwenda kumchukua "Cinderella" kutoka kwenye hadithi za Ulaya, akampokea Kariakoo bila kiatu cha kioo. Jose Chameleone, Mganda, alimwimba "Jamila" kwa Kiswahili, na rekodi yake ni ya kuvuka mpaka wa lugha bila pasipoti.

Anayeombwa jambo zito kuliko wote ni "Nerea" wa Sauti Sol, mwaka 2015, wakiwa na Amos na Josh. Mwanamume anamsihi asiitoe mimba, akimtajia watu mashuhuri ambao huenda yule mtoto angekuwa mmoja wao. Wimbo ulizua mjadala mkubwa Kenya, na ni haki yake. Tuni ni tamu mno kwa hoja nzito namna ile, na Nerea, ambaye mwili ni wake, hapewi hata ubeti mmoja.

Aliyekaa kileleni muda mrefu: Macarena

Wengi hawajui kwamba Macarena ni mtu. Ni jina la kike huko Sevilla, Hispania, kwa heshima ya Bikira Maria wa Macarena. Los del Río, wanaume wawili watu wazima waliokuwa wakiimba pamoja tangu miaka ya sitini, walipata wazo la wimbo huo Venezuela mwaka 1992 baada ya kumwona mcheza flamenko. Mwaka 1996 toleo lake lililochanganywa upya lilishika namba moja Marekani kwa wiki 14. Wajumbe wa mkutano mkuu wa chama cha Democrat mjini Chicago mwaka huo waliucheza hadharani.

Shuleni kwetu pia tuliucheza, mikono mbele, mikono kichwani, walimu wakipiga makofi. Hakuna aliyewaeleza walimu kwamba wimbo unamhusu msichana anayemsaliti mchumba wake wakati anaapishwa jeshini.

Michael Jackson na "Billie Jean", mwaka 1983, alikaa wiki 7. Mtayarishaji wake Quincy Jones alitaka kubadilisha jina kwa hofu kwamba watu wangemdhania mcheza tenisi Billie Jean King, Jackson akakataa. Huyu anashika rekodi ya mwanamke aliyekanwa kwa dansi nzuri kuliko zote, maana ni kwa wimbo huu Jackson alionyesha kwa mara ya kwanza ile hatua ya kurudi nyuma kama anateleza. Watu walitazama miguu, wakasahau kwamba katika wimbo kuna mtoto anayetafutiwa baba.

"Jolene" ya Dolly Parton, mwaka 1973, ina rekodi tofauti: mwanamke anamsihi mwanamke mwenzake asimchukulie mume. Jina linarudiwa takriban mara 30 katika wimbo usiofika dakika tatu. Parton amesema jina alilipata kwa msichana mdogo aliyemwomba saini baada ya onyesho. Jolene hajibu, na hapo ukimya una maana, kwa sababu hofu yote ya wimbo iko kwenye jibu lake.

Jina jingine kongwe ni Layla. Eric Clapton alirekodi "Layla" mwaka 1970 akiwa na bendi ya Derek and the Dominos, moyo ukiwa kwa Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Jina alilichukua kwa mshairi Mwajemi Nizami, aliyeandika kisa cha Layla na Majnun mwaka 1188, naye Nizami alikuta Waarabu wanakisimulia karne nyingi kabla yake. Laila wa Tanga na Laila wa Lamu wanatoka kwenye shina hilohilo. Clapton alimwoa Boyd mwaka 1979, wakaachana baada ya miaka kumi hivi. Wimbo haukuachana na mtu.

Aliyesafiri mbali kuliko wote: Lucy

Mwaka 1967 The Beatles walitoa "Lucy in the Sky with Diamonds". John Lennon alisema ulitokana na mchoro wa mwanawe mdogo, aliyekuwa amemchora mwanafunzi mwenzake wa shule ya watoto. Novemba 1974, watafiti waliokuwa Hadar, Ethiopia, walipata mifupa ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Jioni kambini wimbo huo ulikuwa unapigwa kwenye kinasa sauti, na kiumbe akaitwa Lucy. Waethiopia wana jina lao, Dinkinesh, nami naona ni zuri zaidi. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, ambazo ni za kale kumzidi, zinahesabiwa kuwa za spishi yake.

Haikuishia hapo. Oktoba 2021 NASA ilirusha chombo kwenda kuchunguza asteroidi zinazoandamana na sayari ya Mshtarii (Jupiter), na kwa heshima ya mifupa ile ya Hadar kikaitwa Lucy. Msichana wa darasani Uingereza, wimbo, mifupa ya Hadar, kisha anga za mbali. Hakuna Georgina wala Stella atakayempiku kwa kilomita.

Aliyeondolewa kwa kanuni: Malaika

Najua barua zitakuja. "Malaika" ndio wimbo wa mapenzi wa Afrika Mashariki uliorudiwa kuliko wote: Miriam Makeba, Boney M, Angélique Kidjo, na bendi za hoteli zote kutoka Malindi hadi Kizimkazi. Lakini malaika ni sifa aliyopewa msichana. Jina lake halisi halimo. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, alidai wimbo ni wake, Adam Salim akadai ni wake, na kila dai lilikuja na msichana wake. Sheria ni sheria. Msichana aliyekosa mume kwa sababu ya mahari amekosa pia nafasi katika orodha hii.

Aliyejibu: Aïcha

Sasa tuje kwenye lile swali langu. Khaled, Mwaljeria wa muziki wa rai, alitoa "Aïcha" mwaka 1996, maneno na muziki vikiwa vya Mfaransa Jean-Jacques Goldman. Kwa nusu ya kwanza unakwenda kama nyingine zote: mwanamume anamwona, anamwita, anaahidi vito, mashairi na mali. Kisha, tofauti na karibu wote tuliowapitia, mwanamke anafungua kinywa. Anamwambia abaki na hazina zake, kwamba nondo ni nondo hata zikiwa za dhahabu, na kwamba anachotaka ni haki sawa na zake na heshima ya kila siku. Wimbo uliuzwa sana Ufaransa, ukapigwa mpaka Muscat na Mombasa, na wengi wetu tuliitikia lile jina tu bila kusikia alichosema mwenye jina.

Kwa hiyo kombe kuu nampa Aïcha, ingawa maneno yake yaliandikwa na mwanamume na kuimbwa na mwanamume.

Kwa Kiswahili kombe hilo bado liko kabatini. Sijapata wimbo uliofikia umaarufu wa "Georgina" au "Stella Wangu" ambamo mwenye jina anasimama na kueleza upande wake kwa sauti yake mwenyewe. Watunzi wa kike mliopo Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Bujumbura, Stella anasubiri wakili tangu mwaka 1992. Andikeni wimbo wake, utoke tarehe 17 Mei.